Waache Wakunga Wapike

Koekelberg, Bruxelles
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Clémentine,

Salamu zikufikie wewe na wote mnaolala chini ya paa moja. Magoti ya mama yanasemaje? Shemeji amepona ile malaria, au bado anajidai mzima na kwenda kazini huku anatetemeka? Watoto wanasoma, au walimu wamegoma tena? Sisi huku tu wazima. Wifi yako Georgette ana mafua ambayo kila mwaka huyaita mafua ya Wabelgiji, kana kwamba wao ndio wanaomtumia kwa posta. Mimi nina mgongo. Baridi imewahi, na watu wameshaanza kutembea barabarani kama waliokosana na ulimwengu.

Barua hii anakuletea Mama Régine, mke wa mwalimu wetu wa kwaya, anayesafiri Alhamisi kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Usimwache aondoke kabla hajala. Kwenye kifurushi kuna miwani ya mama, dawa ya magoti na soksi za watoto. Miwani mpe mama akiwa peke yake. Ukimpa mbele ya shangazi, shangazi naye ataacha kuona siku hiyo hiyo.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliona haya. Ndiyo maana nimechelewa kujibu, mimi unayenijua kwamba najibu hata barua ambazo sikuandikiwa.

Unaniambia kwamba tangu Pasaka wodi yako ya wazazi haijampoteza mama hata mmoja. Hata mmoja, katika hospitali ambayo umeme unakuja unapotaka na glavu mnazichemsha na kuzivaa tena. Unaniambia kwamba wakunga wako walitaka kuleta unga na samaki, wapike uani nyuma ya wodi, wale pamoja na kuimba kidogo. Ukawakatalia. Umeniandikia jambo hilo kwa fahari, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari safi: “Niliwaambia maneno yako, Yaya: kazi si ngoma.” Halafu chini kabisa, mstari mmoja tu, kwamba mkunga wako aliye hodari kuliko wote ameanza kuulizia kazi ng'ambo ya mpaka, Zambia, na wewe huelewi ana nini.

Mimi naelewa ana nini. Na kosa ni langu mimi Yaya, kaka yako mkubwa, kabla ya kuwa lako, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Unakumbuka yale maneno yalitoka wapi. Nilikuwa karani katika ofisi za kampuni ya shaba, na kila Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajashika kalamu, tulipangwa uani kwa mistari. Wahandisi, wahasibu, wapishi, akina mama wenye wajukuu, wote katika kitenge cha picha moja, tukitikisa viuno mbele ya mkurugenzi aliyekuwa akitazama saa yake. Tuliimba kwamba yeye ndiye aliyefanya shaba itoke ardhini. Waliochimba shaba walikuwa nyuma kabisa, na wao pia waliimba. Nikaandika makala. Nikaipa jina “Kazi si Ngoma”. Ilinitoa kazini, ikanitoa Lubumbashi, na mwisho ikanileta huku kukunja shuka za watu. Siijutii. Kila neno la makala ile lilikuwa kweli, na leo ningeliandika tena kwa wino mweusi zaidi.

Lakini niliwahi kukwambia kwamba mtu anaweza kuandika ukweli kisha akautumia kijinga? Sikukwambia, kwa sababu sikujua. Sasa najua.

Unajua ninafanya kazi Forest, mtaa wa hapa Bruxelles, katika kiwanda cha kufulia. Tunafua shuka za hospitali na za nyumba za wazee. Mwaka jana mwenye kiwanda alinifanya chef wa ekipi, yaani mkuu wa kikosi, watu tisa pamoja nami. Nusu ni watu wetu wa Kivu na Katanga, wengine wametoka pande zote za dunia. Aliye muhimu katika habari hii ni Maman Furaha, mwanamke wa Bukavu wa umri kama wako, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima hadi mlima. Alikuwa na mkataba wa muda, wa kufanywa upya kila baada ya miezi mitatu. Wa pili ni Driss, Mmoroko anayeendesha lori, mtu wa mizaha, ambaye huniita Profesa kwa sababu ninasoma gazeti wakati wa kula.

Mwezi wa tatu, Jumanne asubuhi, mashine kubwa ya kupigia pasi shuka ilikufa. Ni silinda ndefu ya moto. Shuka inaingia upande huu na maji yake, inatoka upande ule kavu na imenyooka. Bila hiyo hakuna kiwanda. Kipuri kilikuwa kinatoka Ujerumani, siku nne. Mwenye kiwanda alishuka, akaitazama mashine kama anayetazama maiti ya mtu anayemdai, akasema itabidi awape washindani wetu kazi ya wiki hiyo. Sote tulijua maana yake. Hospitali ikishaonja kwa mwingine hairudi, na wa kwanza kwenda nyumbani ni wenye mikataba mifupi.

Ndipo Maman Furaha akasema kwamba kwao Bukavu alikuwa akifua katika nyumba ya wageni ya masista, ambako umeme ulikatika wiki hata wiki na maaskofu hawakulala kwenye shuka zenye makunyanzi. Akatuonyesha. Unaitoa shuka kwenye mashine ya kukaushia ikiwa bado na unyevunyevu na moto wake. Watu wawili mnashika ncha nne, mnaivuta, mnaipiga hewani mara moja kwa nguvu hadi ilie, mnakunja kabla haijapoa, mnaiweka chini ya rundo, na uzito wa rundo unamalizia kazi ya pasi. Lazima wawili wavute kwa nguvu sawa. Akatupanga yeye mwenyewe, warefu na warefu, wafupi na wafupi, na mimi akaniweka na mwanamke wa mji wa Mons anayenichukia, kwa sababu mabega yetu yalilingana.

Siku nne, Clémentine. Vidole vilipasuka, mabega yakafa ganzi. Siku ya pili tuliacha kuzungumza, siku ya tatu tukaanza kucheka bila sababu. Ijumaa jioni kipuri kikafika, na katika siku hizo zote hakuna hospitali iliyorudisha toroli hata moja. Kila kitanda kilipata shuka.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, wakati wa mapumziko, nilikuta meza ya chumba cha kulia imejaa. Maman Furaha alileta beseni la mandazi na samaki wadogo wa kukaanga, Driss alileta keki za asali kutoka kwa dada yake, yule wa Mons alileta jibini. Watu walikuwa wamesimama kuzunguka meza, wanapiga makofi, na Maman Furaha alikuwa akiimba wimbo anaoutunga papo hapo, anataja silinda iliyokufa, anataja makunyanzi, anataja mabega. Waliponiona wakapiga makofi kwa nguvu zaidi. Walikuwa wakinisubiri.

Nami nilichosikia ni Jumatatu. Makofi, wimbo, wafanyakazi waliopangwa, Jumatatu asubuhi. Niliwaambia waache. Niliwaambia kwamba hapa si kule, hapa hatumchezei patron, mwenye mali, tumefanya kazi tunayolipwa na hakuna wa kumshukuru wala wa kushukuriwa. Niliwaambia, ndiyo, kazi si ngoma. Warudi kwenye mashine.

Walirudi. Hakuna aliyebisha. Maman Furaha alifunika beseni kwa kitambaa chake, akaenda nalo nyumbani jioni likiwa zima. Mimi nilijiona shujaa. Nilijiona nimewaokoa watu wazima na aibu.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kunyamaza, wiki hiyo nilimwandikia mwenye kiwanda barua ya kurasa tano. Unanijua nikishika kalamu. Nilimwambia kwamba amewaona watu wakiokoa mali yake kwa mikono na hakufungua kinywa. Nilimwambia kwamba mwajiri asiyetambua kazi ya watu wake ana tofauti moja tu na mwizi, kwamba mwizi angalau anajua amechukua. Nilipomsomea Georgette alisema ni nzuri, akauliza kama nimeshatafuta kazi nyingine.

Lakini mwenye kiwanda hakunifukuza. Aliniita juu, akanipa mkono, akasema barua yangu imemgusa, akanipa chupa ya divai yenye utepe. Nikaipokea. Nikaishusha ndani ya mfuko wangu, chini ya gazeti, nikapita nayo mbele ya watu wanane.

Nyumbani Georgette aliiweka mezani, akaizungusha kusoma karatasi yake, akasema kwa upole: “Waliokunja ni watu tisa, chupa imekuja kwa mmoja. Halafu huyo mmoja ndiye aliyeandika makala.” Nikamjibu kwamba haelewi. Tuliinywa na wageni wa Pasaka na sikusema imetoka wapi.

Baada ya hapo kazi iliendelea, na hapo ndipo ningetaka usome polepole, kwa sababu nadhani unakiona kitu hicho hicho wodini kwako na hukijui jina. Hakuna aliyegoma. Hakuna aliyechelewa. Kila mtu alifanya kazi yake hadi mpaka wa kazi yake, akasimama hapo. Zamani toroli ikiwekwa kwenye mlango usio wake, mtu yeyote aliyepita aliisukuma mahali pake. Sasa ilikaa. Siku moja shuka za nyumba ya wazee ya Laeken zilipakiwa kwenye lori la hospitali, na watu watatu waliziona zikipakiwa. Nilipowauliza, kila mmoja akanijibu kwa adabu kwamba alikuwa kwenye mashine yake. Ndicho nilichowaambia: rudini kwenye mashine.

Mwisho wa mwezi wa tisa mwenye kiwanda akaleta karatasi. Kazi imepungua kidogo, mikataba miwili ya muda haitafanywa upya. Jina la pili lilikuwa la Maman Furaha.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nilimwambia kwamba anamtoa mtu aliyekiokoa kiwanda. Alishangaa kweli, sikuona unafiki usoni mwake. Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua yangu, zile kurasa tano, akazipitisha kidole. Kisha akaniuliza: “Furaha ni yupi?”

Clémentine, nilizichukua kurasa zile nikazisoma nimesimama. Kulikuwa na haki. Kulikuwa na utu, na historia ya kazi tangu watumwa, na sentensi moja juu ya mwizi ambayo hadi leo naiona nzuri. Kulikuwa na “ekipi yangu” mara kumi na zaidi. Jina la mtu halikuwamo. Mwenye kiwanda aliijua ekipi yangu na alinijua mimi. Alidhani njia ile ya kukunja ilitoka kichwani mwangu, ndiyo maana divai ilikuja kwangu. Akasema atafikiri, ila karatasi zimeshatumwa.

Nilimkuta Maman Furaha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anafunga viatu. Alikuwa ameshaambiwa. Nilianza kumweleza jinsi nilivyompigania huko juu, jinsi nilivyoandika, na yeye akaendelea kufunga kamba za viatu hadi nilipomaliza.

“Papa Anselme,” akasema, “miye sina kasirani. Lakini nikuulize. Ile siku ya mandazi, we uliwaza siye tulikuwa tunacheza juu ya patron, kumusifu yeye?”

Nikamwambia ndiyo, ndivyo nilivyoona.

“Patron hakukuwa hata pale. Alikuwa ku Ostende na bibi yake. Tulikuwa tunacheza juu yetu. Batu tisa, siku ine, hakuna mugonjwa mwenye alilala bila drap, bila shuka. Nilitaka muntu moja tu aseme ile kitu kwa sauti, na huyo muntu ni we, juu we njo chef. We ukatufunga kinywa. Bon, nikabeba beseni yangu.”

Nikamweleza habari za Jumatatu zetu, za kitenge na mkurugenzi, na makala yangu. Alisikiliza vizuri. Bukavu nao walicheza, aliniambia, na yeye alikuwa mstari wa mbele kwa sababu ya ufupi wake. Kisha akasimama, akachukua mfuko wake.

“Donc bakubwa balikosa,” akasema, “na we unaazibu badogo.”

Nimebishana na mapadri, na maprofesa, na afisa mmoja wa usalama aliyekuwa na bastola mezani. Wote niliwajibu. Huyu nilimfungulia mlango, nikaenda kutafuta karatasi.

Siku iliyofuata, Alhamisi, nilimwomba mwenye kiwanda ashuke saa nne chumba cha kulia, na nikawaomba watu wote wabaki. Nilikuwa na karatasi. Niliishika kwa mikono miwili, mimi niliyehutubia wanafunzi mia tano bila karatasi. Nilisema kwamba mwezi wa tatu mashine ilikufa na kiwanda hiki hakikufa, na kwamba nitataja kwa nini. Nikasema njia ya kukunja ilikuwa ya Maman Furaha, aliyejifunza kwa masista wa Bukavu, na kwamba ni yeye aliyetupanga kwa mabega. Nikasema yule wa Mons alifunga vidole vyake kwa plasta na hakukosa hata saa moja. Nikaendelea na majina, jina na kazi, jina na kazi. Nilipofika kwa Driss nikasema alipeleka shuka Laeken Jumatano.

“Mara mbili, chef,” akasema Driss. “Ya pili nilienda na breki zinazolia kama mama mkwe. Andika vizuri.”

Watu wakacheka. Mwingine akasema nimemsahau aliyekuwa akiwasha mashine za kukaushia saa kumi na moja asubuhi, ambaye alikuwa amekaa pale pale mbele yangu. Nikaandika. Yule wa Mons akasema kwamba nami nivute kidogo mara nyingine, kwa sababu upande wangu wa shuka ulikuwa ukilegea. Nikaandika na hilo. Wakaanza kusahihishana wao kwa wao, nani alianguka na toroli, nani alilia chooni akadai ni moshi, na karatasi yangu ikajaa hadi pembeni. Nilijifunza ndani ya dakika kumi na tano mambo ya ekipi yangu ambayo sikuyajua kwa miezi sita. Mwenye kiwanda alisimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mwishoni alimfuata Maman Furaha, akamwambia mkataba wake utafanywa upya, na si wa miezi mitatu.

Hapa ungependa nikuandikie kwamba alikubali. Alimshukuru, akamwambia kwamba Jumatatu anaanza kazi Laeken, katika ile nyumba ya wazee ambayo shuka zake tunafua. Alikuwa amefanya majaribio huko katika siku zake za mapumziko. Nilipomsindikiza hadi kituo cha tramu nilimwuliza kama kule wanalipa zaidi. Hapana, sawasawa tu. Basi kwa nini. Akaniambia kwamba siku yake ya pili huko alimtuliza mzee mmoja aliyekuwa hataki kula, na mkuu wa wauguzi aliwaita wenzake akawaambia mbele yake: tazameni alivyofanya. “Neno kidogo vile,” akasema. “Nikajua pale nitazeekea.”

Tramu ikaja akapanda. Kiwanda chetu kimempoteza mtu bora kuliko wote kiliowahi kuwa nao, na nani alimtoa? Si yule mwenye divai. Ni mimi, mpiganaji wa haki za wafanyakazi, kwa kanuni safi kabisa.

Sasa nakurudia wewe. Najua utakavyonijibu, kwa sababu ni majibu niliyokufundisha. Utasema kwamba kuokoa akina mama ni wajibu wao. Ni kweli, na wajibu uliotimizwa vizuri ndio hasa unaostahili kutajwa. Uliotimizwa vibaya tunautaja bila kuombwa. Mkunga akikosea utamwita ofisini kabla jua halijazama. Akipatia miezi saba unasema ni kawaida. Utasema wakisifiwa watalegea. Nioneshe mmoja aliyelegea kwa kuambiwa ukweli. Mimi nimekuonesha wanane waliolegea kwa kunyimwa.

Utasema mshahara ndio shukrani. Dada, mshahara gani? Wewe mwenyewe umeniandikia unavyochelewa hadi watu wanasahau ulikuwa wa mwezi upi. Wanawake wale wanatembea kwa miguu kuja wodini kwako, wanachemsha glavu, wanashika kichwa cha mtoto wa mtu gizani kwa mwanga wa mshumaa. Huna fedha ya kuwapa, huna dawa, huna umeme. Kitu kimoja tu kiko mikononi mwako bila kuomba kibali cha wizara, nacho ni kusema mbele ya wengine nani alifanya nini. Na hicho ndicho ulichowanyima. Ulikinyima kwa maneno yangu, kwa hiyo nayachukua maneno yangu. Nilipoandika kwamba kazi si ngoma nilikuwa nikiwakataza wakubwa kuchezewa. Sikuwakataza wafanyakazi kufurahi. Tofauti ni hii: ile ngoma ilipanda juu kwa mtu ambaye hakufanya kitu. Hii inashuka kwa waliofanya. Asiyeona tofauti hiyo ni mjinga, na nimekuwa mjinga huyo kwa miaka mingi nikijiita mwanafikra.

Na usifanye kama wale wanaosimama na kusema “nawashukuru wote kwa ushirikiano wenu.” Hiyo si shukrani, ni kufagia watu wote pamoja kwenye kona moja. Mimi niliandika kurasa tano za namna hiyo. Sema nani alikimbia kutafuta damu, nani alikaa na yule mama wa mapacha siku mbili, nani alikupinga ukataka kumfukuza kumbe alikuwa na haki. Ukikosea watakusahihisha, waache wakusahihishe. Mwite na daktari mkuu aje asikie, hata kama anatazama saa. Siku akitaka kupunguza watu, lazima awe ameshajua anapunguza nani.

Basi Jumamosi ijayo waambie walete unga na samaki. Wewe lete mafuta na kuni, na ukate vitunguu, kwa sababu siku hiyo si wao wa kukuhudumia. Wakiimba, imba. Najua sauti yako ilivyo, watakuvumilia. Na yule anayeulizia Zambia, usimwite ofisini kumwuliza ana nini. Anza na yeye kabla ya wengine wote, mbele ya sufuria, useme alichofanya tangu Pasaka. Akienda baada ya hapo, aende akijua kwamba ulimwona. Mimi wa kwangu nilimwambia siku moja kabla ya mwisho, na siku moja haikutosha. Wewe wako bado anakuja kazini.

Nifikishie salamu kwa mama, umwambie mwanawe bado ni mkaidi ila siku hizi ukaidi wake una mapumziko. Msalimu shemeji, shangazi na macho yake, mjomba wetu fundi viatu na mkewe, na jirani aliyekuwa akinifichia magazeti yangu chini ya magunia ya mkaa. Mwambie sijamsahau, na kwamba nilipaswa kumwambia hivyo kabla sijaondoka. Georgette anakukumbatia.

Wakunga wako nao ningewasalimu mmoja mmoja. Nimepitia tena barua yako, kurasa nne, mbele na nyuma, nikitafuta wanaitwa nani. Hukuandika.

Yaya wako,
Anselme